Maswali ya wasomaji: kayaki ikipinduka, utarudi juu?

Tangu tuanze kuandika habari za kuvua kwa kayaki meseji zimekuwa nyingi, na nyingi zinauliza rodi gani, chambo gani, nguru wanapatikana wapi. Hayo tutarudi kwayo, ila safari hii nimezitoa zile zinazouliza jambo ambalo linaninyima usingizi: ukipinduka huko nje peke yako unarudi vipi juu, na hivyo vifaa ulivyojifunga ushawahi kuvijaribu majini hata siku moja? Maswali nimeyafupisha kidogo.

Sasa kaka, habari ya huko. Mimi niko Kilifi, nimenunua kayaki ya plastiki ya kukaa juu, futi 12, iko na kiti cha kuinuka. Jamaa aliyeniuzia ameniambia hii haizami na haipinduki. Kuogelea najua vizuri tangu utotoni. Je, kuna haja ya mazoezi ya kupinduka ama ni wasiwasi tu? Niko na mpango wa kutoka nje ya mlango wa kriki, ule mkono wa bahari unaoingia bara, mwezi ujao.
*Msomaji, Kilifi*

Salama ndugu yangu, na hongera kwa kayaki. Ila hilo neno kwamba haipinduki nakuomba ulisahau leo leo. Kayaki pana inatulia kweli, wengine wanasimama kabisa wakivua, lakini kila chombo kina kiwango chake cha kulala ubavu na kikishapita hapo kinageuka ghafla, na hiyo yako yenye kiti cha juu inawahi zaidi maana uzito wako umepanda juu. Na mara nyingi wala sio wimbi linalopindua, ni mtu kageuka nyuma kuchukua koleo kwenye boksi huku samaki anavuta upande wa pili. Mimi ndivyo ilivyonikuta, nje ya Kunduchi, msimu wa kusi, saa nne asubuhi. Nikazama kichwa kwanza, nikatoka, nikaishika kayaki, nikasema haya napanda, nikashindwa. Mara ya pili nikashindwa, ya tatu hivyo hivyo. Mifuko ya laifu jaketi kifuani ilikuwa imejaa, koleo, kiboksi cha ndoana, simu, na kila nikijivuta ile mifuko inagonga kwenye ukingo inanirudisha chini. Mara ya nne ndo nikapanda, mikono inatetemeka, na mimi nimekulia pwani, kuogelea sijafundishwa na mtu. Kuogelea ni kitu kimoja na kupanda kayaki ukiwa umelowa na umechoka ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo haja ipo tena kubwa. Chagua siku isiyo na upepo, maji yakiwa yanajaa, sio yanapokupwa, maana ya kupwa yatakuvuta nje na siku za bamvua, yani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mchanga, pale kwenye mlango wa kriki mkondo hauna mchezo. Nenda ndani ya kriki sehemu yenye mchanga, mwenzako awe karibu, ikiwezekana naye ana chombo. Siku ya kwanza kayaki iwe tupu, usibebe rodi wala ndoana hata moja, ila wewe mwenyewe uvae kila unachovaa siku ya kuvua, laifu jaketi na mifuko yake ikiwa imejaa, viatu, kofia, shati la mikono mirefu. Ukifanya na bukta tu utakuwa umemfundisha mtu mwingine, sio yule atakayepinduka.

Haya, jipindue. Egemea upande mpaka uanguke. Ukitoka juu cha kwanza ni kushika kayaki, kabla ya kofia, kabla ya kafi, maana kayaki tupu ikipata upepo inakwenda kuliko unavyoogelea na ukiiachia mita tatu tu unaweza usiipate tena. Pumua mara mbili tatu. Kayaki imelala kifudifudi, wewe uko ubavuni katikati, pitisha mikono juu ya tumbo lake ukamate ukingo wa ng'ambo, panda na magoti kwenye ukingo ulio karibu yako halafu jirushe nyuma kwa uzito wako wote, itageuka. Shida ni kwamba kayaki za kuvulia ni pana, sentimita 80 mpaka 90, mikono ya wengi haifiki. Dawa yake funga mkanda wa mita moja na nusu hivi kwenye kishikio cha ubavuni, ukipinduka unaurusha juu ya tumbo la kayaki, unazunguka upande wa pili, unauvuta huku magoti yako ukingoni. Mkanda wa begi la zamani unatosha.

Sasa kupanda. Wengi wanajivuta wima kama mtu anayeparamia ukuta, miguu inaingia chini ya kayaki na kayaki inawafunika tena. Lala kwanza. Shika ukingo, mwili uelee nyuma yako kifudifudi, piga miguu kwa nguvu mpaka nyonga zifike usawa wa maji, halafu jisukume mbele kama kasa anayepanda ufukweni mpaka tumbo liwe juu ya kayaki na kichwa kimepitiliza ng'ambo. Tulia hapo, usiwe na haraka. Kisha jigeuze taratibu makalio yaingie kwenye kiti, miguu mwisho. Sisi tukiwa mazoezini tunaitana kwa sauti, tumbo, makalio, miguu, na ukifuata mpangilio huo uzito unabaki chini muda wote na kayaki inatulia. Kiti kikiwa kinashushwa, kishushe. Kama nguvu ya mikono haitoshi tengeneza kitanzi cha mkanda unaning'inia ubavuni kiasi cha goti, unakanyaga kama ngazi, ila ukikipenda hicho kitanzi ujifunze na kutoa mguu haraka.

Halafu nakuomba sana, ukishaweza kwenye kina cha kifua sogea kwenye kina usichofika chini. Kuna kijana mmoja nilikuwa namsimamia, kapanda mara tano mfululizo vizuri kabisa, kafurahi, mimi nikavaa miwani nikaingiza kichwa majini kumwangalia ile ya sita, nikaona vidole vyake vya miguu vinasukuma mchanga. Mwenyewe hana habari. Tukasogea mita kama 10 hivi ambako hafiki, hakupanda hata mara moja. Tulikaa pale nusu saa nzima tukifanya kupiga miguu tu, bila kupanda, mpaka mwili ukajua kulala, ndo akaanza kupanda. Kama angetoka nje siku ile na zile tano zake za mchangani sijui ingekuwaje.

Ukiweza tupu, rudi siku nyingine na mzigo, boksi, rodi za zamani zisizo na ndoana, kila kitu kimefungwa, upinduke nacho uone nini kinazama, nini kinakusokota miguuni, nini kinakuzuia kupanda. Pande zote mbili, kushoto na kulia, mara tatu tatu, na hiyo ya mwisho ambayo umeshachoka ndo ujipime nayo. Kukiwa na mawimbi yanayopasuka usikae kamwe kati ya kayaki na ufukwe, kayaki ya kilo 30 iliyojaa maji ikibebwa na wimbi inaweza kukuvunja mbavu, wewe kaa upande wa bahari.

Na hilo la haizami. Kayaki ya kukaa juu ni tupu ndani, inaelea kwa hewa iliyomo. Hewa ikitoka maji yakaingia inalala, na kabla ya kulala inayumba vibaya kwa sababu yale maji ndani yanakimbilia upande ule ule unaoinamia. Jaribu hivi: keti nayo majini nusu saa, piga makasia, inamainama, kisha ivute nchi kavu, inua omo, yani mbele, fungua kizibo cha tezi, yani nyuma, na ukinge maji kwenye kopo. Kikombe kimoja kilichopita kwenye mfuniko sio neno. Yakitoka lita tano tafuta ufa, uanzie kwenye skrubu za kishikio cha rodi ulichofunga mwenyewe, afu vile vitundu vya kutolea maji chini ya kiti, hapo ndo plastiki inapochoka kwa kuburutwa mchangani.

Mwezi ujao nje ya mlango? Kama unapanda mara tatu mfululizo kwenye kina, na mzigo, bila kusaidiwa, toka na mwenzako. Kama bado, vua humo humo ndani ya kriki kwanza.

Habari kaka. Nimepata laifu jaketi ya mtumba bei nzuri, rangi imefifia kidogo lakini zipu nzima. Nitajuaje kama bado inaelea? Na kuna rafiki yangu anasema ninunue ile ya kujaa hewa yenyewe, ni nyembamba haibani.
*Msomaji, Zanzibar*

Salama sana. Angalia lebo ya ndani kwanza, itakuwa imeandikwa nguvu yake kwa nyutoni, za kayaki nyingi za mtu mzima ni nyutoni 50, yani inabeba kama kilo tano, na mwili wa mtu ndani ya maji ni mwepesi kwa hiyo hizo tano zinatosha kushika kichwa juu kwa mtu anayejua kuogelea na ana fahamu zake. Haitakugeuza uso juu ukizimia, hilo ulijue kabisa, kazi hiyo ni ya zile kubwa za nyutoni 150.

Sponji linachoka. Liminye kwa vidole, likibaki limebonyea au linatoa sauti kama biskuti kavu, hiyo jaketi weka pembeni. Kisha ipime. Chukua chuma cha kilo 5 na nusu, mawe ya mizani au vyuma vya mazoezi, ukifunge kwenye jaketi na ukitumbukize kwenye pipa au baharini kwenye maji yaliyotulia. Tano na nusu na sio tano kwa sababu chuma chenyewe kikiwa majini kinapungua uzito kidogo. Jaketi ya nyutoni 50 nzima itaelea nacho. Ikizama nacho, usimpe hata mtu mwingine, ikate mikanda ndo uitupe. Jua la kwetu linakula uzi kabla ya sponji, kwa hiyo shika kila mkanda uvute kwa nguvu zako zote, bora ukatike mkononi mwako nyumbani.

Kisha ivae, kaza, mwenzako aikamate mabegani ainyanyue juu. Ikipanda ikakufika masikioni ni kubwa au haijakazwa, majini itakuvuka kichwani. Ingia kwenye kina uelee nayo dakika tano umelegeza mwili, kidevu kiwe juu ya maji.

Ile ya kujaa hewa sikuzuii ila kwa kayaki ile inayojifungua yenyewe ikilowa haifai, wewe unalowa muda wote itakulipukia kila siku mpaka uichoke uiache nyumbani. Chukua ya kuvuta kamba kwa mkono. Na hii inataka utunzaji kuliko sponji: ijaze kwa mdomo, iache usiku kucha, asubuhi iwe bado ngumu. Fungua kile kichupa cha gesi ukipime kwenye mzani wa jikoni, uzito wake umechapwa pale pale kwenye chupa, ikiwa chini ya hapo gesi imetoka, nunua kingine. Uangalie na kutu kwenye shingo yake. Ukiwa na uwezo ivute kwa kweli mara moja ukiwa ndani ya maji, uone inavyokubana ikijaa, afu ujaribu kupanda kayaki nayo imejaa kifuani, utagundua huwezi mpaka utoe hewa kiasi. Kama unaniuliza mimi, kwa kayaki nabaki na sponji.

Mambo vipi bro. Nafunga kafi na rodi zote kwa kamba, sasa wengine wananiambia kamba zitakuja kuninasa siku nikipinduka. Na nanga je?
*Msomaji, Kigamboni*

Poa kabisa. Wanaokwambia hivyo wana hoja ila jibu sio kuacha kamba, ni kuzifanya fupi na za aina inayovutika kama waya wa simu ya zamani, kamba ndefu iliyolegea ndo inayosokota. Kafi lifunge, kafi likienda huna chombo tena. Rodi zifunge. Wewe mwenyewe kujifunga kwenye kayaki kuna mabishano, mimi nikiwa mbali na mawimbi ya kupasuka na kuna upepo nafunga kamba ya mguuni yenye klipu inayofunguka kwa kuvuta, nikikaribia ufukwe naitoa. Na mlango wa kriki maji yakiwa yanakimbia pia naitoa.

Nanga sasa, kaa chini unisikilize. Usifunge nanga ubavuni hata kwa dakika mbili. Mkondo ukivuta kayaki iliyofungwa ubavuni inalala na kugeuka, hakuna cha ustadi hapo. Nanga itoke kwenye omo au tezi tu, na mwisho wa kamba ufunge boya dogo, ili mambo yakibadilika uachie kamba yote iende na boya lake, utairudia baadaye. Siku za bamvua huku kwetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu ndani ya saa sita, ulipotia nanga maji yamelala saa moja baadaye panaweza kuwa mto. Mazoezi yake: tia nanga mahali patulivu, mwenzako aseme "achia" bila kukutaarifu, ahesabu. Ukizidi sekunde tano fundo lako ni baya au mkono haujui kamba ilipo.

Na kisu. Mwaka juzi tulikuwa watu sita tunajifua, nikasema kila mtu atoe kisu chake akate kipande cha kamba ya nanga iliyolowa. Visu viwili havikutoka kwenye ala, chumvi na kutu vimeshikana navyo kama vimechomelewa, kimoja kikatoka hakikati, yani nusu ya watu tulikuwa tunatembea na mapambo kifuani. Tukaja kwenye filimbi, mmoja akapuliza haikutoa sauti, kuchungulia ndani nyigu kajenga nyumba ya udongo. Ile jaketi ilikuwa inaning'inia kwenye banda lake tangu kaskazi ya nyuma. Kwa hiyo ukimaliza kuvua suuza kisu na filimbi kwa maji yasiyo na chumvi, paka kisu mafuta kidogo, na kabla ya kusukuma kayaki majini chomoa kisu, rudisha, puliza filimbi. Nusu dakika haifiki.

Kaka huku kwetu ni ziwani, Mwanza. Mazoezi hayo yanafaa ziwani?
*Msomaji, Mwanza*

Yanafaa yote kama yalivyo, na maji ya ziwa hayana chumvi kwa hiyo utaelea chini kidogo kuliko mtu wa baharini, jaketi unaihitaji zaidi. Mahali pa kufanyia ndo pa kuangalia. Usifanyie kwenye majani na matete ya ukingoni, huko kuna konokono wa kichocho na ndo wanakokaa viboko na mamba. Uliza wavuvi wa mwaloni watakwambia wapi ni salama, toka kidogo kwenye maji ya wazi, kisha jikaushe vizuri kwa taulo ukitoka. Kichocho kina dawa, na ukiwa unaingia ziwani mara kwa mara nenda kapime. Fanya asubuhi, na ukiona wingu jeusi linasimama upande mmoja wa ziwa rudi nchi kavu bila kujadiliana na mtu, upepo wa ziwani unafika kabla ya mvua yake.

Hello kaka, nafuatilia nikiwa Minnesota. Barafu ikishayeyuka mwezi wa nne huwa kuna siku za jua kabisa, natoka na tisheti na laifu jaketi kuvua. Wenzangu wa hapa wananigombeza. Nipe maoni ya nyumbani.
*Msomaji, Minnesota*

Maoni ya nyumbani ni kwamba wenzako wana haki kukugombeza. Huku Bahari ya Hindi maji ni nyuzi 25 mpaka 29, mtu anaweza kukosea akajaribu tena nusu saa nzima. Huko mwezi wa nne hewa inaweza kuwa 20 na maji ni 4 au 5, na anayekuua ni maji, sio hewa, kwa hiyo unavaa kwa ajili ya maji. Yupo profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, Gordon Giesbrecht, ameyasoma haya kwa kujitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu, anafundisha hesabu ya 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza pumzi inakukimbia, unahema bila kutaka, kichwa kikiwa chini ya maji unayavuta, kazi yako ni kuelea tu mpaka pumzi irudi. Dakika 10 zinazofuata ndo mikono na miguu bado inakutii, basi kupanda ni ndani ya hizo. Kuzimia kwa baridi kunachukua kama saa 1, ambayo huwezi kuifikia kama huna jaketi inayokushikilia kichwa juu.

Sasa jiulize unapanda kwa dakika ngapi, na vidole vikiwa vimekufa ganzi? Tafuta suti kavu, ile isiyoingiza maji yenye mpira shingoni na kwenye vifundo vya mikono, ndani vaa sufu au nguo za kukimbilia, pamba hapana. Nayo ijaribu: funga zipu mpaka mwisho, chuchumaa uvute mpira wa shingo kidogo hewa itoke, ingia maji ya shingo karibu kabisa na nchi kavu, mwenzako kasimama pale na taulo na chai, kaa dakika tano, utoke uvue uone kama soksi zimelowa. Zikilowa kuna tundu. Majira ya baridi huko tafuta bwawa la kuogelea la ndani linaloruhusu kayaki, fanya kupanda mara 20 mara 30 mpaka mwili uzoee, kisha rudia ziwani na suti. Laifu jaketi sheria ya huko inakudai uwe nayo chomboni, mimi nakudai uivae, maana ndani ya ile dakika ya kwanza hutaivaa.

Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 61, niko Tanga. Kijana wangu wa mwisho ameanza mambo haya ya kayaki, anatoka alfajiri peke yake anarudi mchana. Mimi bahari siijui zaidi ya kupika samaki. Simkatazi, ila akiondoka roho yangu haitulii mpaka arudi. Nifanye nini? Simu anayo.
*Mama wa Tanga*

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara nyingi kuliko yote, na nimeliweka mwisho kwa sababu nataka kijana alikute hapa alisome na yeye.

Mama, kila akitoka akuachie karatasi, au akutumie kwa simu ukipenda: ametokea wapi, anaelekea upande gani, kayaki rangi gani, yuko na nani, na saa ngapi atakuwa nchi kavu. Halafu aandike na saa nyingine, ile ambayo ikifika hajapiga simu wewe unaanza kupiga. Saa hiyo akupangie yeye mwenyewe akiwa na akili zake, ili ikifika usikae unajiuliza labda nitamwaibisha. Akisema saa saba, ikifika saa saba na hajapiga, unapiga.

Unampigia nani? Kwanza watu wa diko anakotokea, yani pale boti za wavuvi zinapofikia. Madiko mengi yana kikundi cha BMU, yani wavuvi na wakazi wanaosimamia ufukwe na uvuvi wa pale, ana kazi ya kwenda kuwasalimia wazee wale, awaambie anavua na kayaki, achukue namba ya mwenyekiti na ya mtu mwenye boti ya injini, akuandikie kwa maandishi makubwa ubandike ukutani. Wao ndo walio karibu na ndo wanaojua mkondo wa siku hiyo umeelekea wapi. Baada yao 112, uwaambie ni mtu baharini, wawasiliane na kituo cha uokoaji majini cha Dar es Salaam kilicho chini ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Waambie alipotokea na saa, maana mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima na kusi ikivuma unakazana, aliyepotea nje ya mwamba wanamtafuta upande huo.

Simu anayo, sawa, lakini mwulize iko wapi. Ikiwa kwenye boksi la kayaki na kayaki imemkimbia, simu anayo nani? Iwe mwilini, kwenye mfuko usioingiza maji, na ule mfuko aujaribu nyumbani bila simu, aweke tishu ndani, afunge, aufunge jiwe auzamishe kwenye ndoo nusu saa, tishu itoke kavu. Halafu alowanishe mikono kwa maji ya chumvi ajaribu kukupigia simu ikiwa ndani ya ule mfuko, ataona kioo kinavyogoma, ajifunze njia ya vitufe vya pembeni. Na mtandao huko nje unakatika. Akijaliwa anunue redio ya mkononi ya baharini, chaneli 16 ndo ya kuombea msaada dunia nzima, aulizie leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na akiijaribu aijaribu na mwenzake kwenye chaneli nyingine, 16 aiache wazi. Ajue tu ukiwa umekaa usawa wa maji redio ile inafika kilomita chache, sio kama ya meli. Kipo pia kile kifaa kidogo cha kuita msaada kwa satelaiti, cha 406 MHz, kinatuma mahali ulipo kwa saa 24 au zaidi, ila bei yake ni kubwa, lazima kisajiliwe kwa jina lake na namba yako wewe mama, kinapimwa kwa kitufe cha kupimia tu na sio kwa kukiwasha kweli, na betri ina tarehe ya mwisho.

Vya bei rahisi visidharauliwe. Bendera ya rangi ya chungwa kwenye mti mrefu nyuma ya kayaki, maana mwenye boti ya kasi haoni kichwa cha mtu kati ya mawimbi. Kioo kidogo cha kumulikia jua. Tochi kwa ajili ya ile alfajiri anayotoka. Na filimbi.

Mwambie Jumamosi hii akupeleke ufukweni, mama, ukae kivulini na thermosi yako. Aingie kwenye kina mbele ya macho yako na vifaa vyote, ajipindue, apande, mara tatu, wewe hesabu. Halafu asogee mbali kidogo apulize filimbi mara tatu, asogee tena apulize, mpaka usipoisikia, umwinulie kanga.